Yule Utakayemwambia Umefeli

Mama yake Ipyana alifika chuoni Jumatano kwa basi la asubuhi, amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, mkononi ana hotpoti la ndizi alizozipika kabla jogoo hajawika. Kijana wake alimpokea vizuri sana. Alimwamkia, akampokea hotpoti, akamtafutia kiti kwenye baraza ya bweni, akamuuliza habari za safari, habari za mvua, habari za ng'ombe. Kisha akatazama saa, akaomba radhi kwamba ana kipindi, akaenda zake. Zile ndizi alimwachia mwenzake wa chumba azile.

Mtu mwingine angesema kijana amekua, chuo kimempanda kichwani. Wapo mashangazi wanaoishi kwa kusema hivyo. Bi Sekela hakusema, kwa sababu uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alimlea huyu mmoja peke yake kijijini Masoko tangu akiwa mgongoni. Aliijua heshima ya mwanawe na aliijua adabu ya mtu baki, na asubuhi ile alikuwa amepewa adabu ya mtu baki. Alimuuliza yule mwenzake wa chumba, aliyekuwa tayari amejaza mdomo ndizi, kama Ipyana anaumwa.

"Haumwi, mama. Ndiyo kwanza anaongoza darasa," alisema yule kijana. "Ila tangu avishwe ile kofia amekuwa mtulivu mno. Wote waliovaa wako hivyo."

"Kofia gani?"

Akaelekezwa. Akapanda kilima na viatu vyake vya kanisani, mvua ya Rungwe ikimnyeshea, hadi jengo la Saikolojia, akaulizia binti wa kofia.

Binti wa kofia alikuwa Subilaga, wa mwaka wa nne, aliyesoma fizikia na saikolojia kwa pamoja, na kwa hiyo akadharauliwa na pande zote mbili. Wanafizikia walimwona mpiga ramli, wanasaikolojia walimwona fundi umeme. Lakini mwaka ule walikuwa wameanza kumwamkia vizuri. Ijumaa angetetea utafiti wake mbele ya jopo, na wageni wa Mamlaka ya Utulivu Mashuleni, waliotaka kofia yake ivaliwe mashuleni, walikuwa wameshakata tiketi. Alikuwa anafuta vumbi kwenye vihisi vya kofia mlango ulipogongwa.

"Shikamoo mama. Karibu, umelowa. Pole jamani."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa." Bi Sekela aliitazama ile kofia juu ya meza. Ilikuwa kofia ya plastiki nyeupe yenye vichupa vidogo vya gesi vilivyopangwa kama punje kwenye gunzi la hindi. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama."

"Mimi ni mama yake Ipyana. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, halafu niwahi basi. Mmemfanya nini mwanangu?"

*

Kofia yenyewe ilikuwa jambo rahisi, kwa wanaopenda kuyaita mambo rahisi. Ubongo ukifanya kazi hutoa nguvu ya sumaku, hafifu mno, na vile vichupa vya gesi viliweza kuisikia. Kila hisia ina wimbi lake. Ukishalinasa wimbi la hisia fulani, unaweza kulitengenezea pacha wake wa kinyume na kumrudishia mtu kichwani, kilele cha hili kikiangukia bonde la lile, na yote mawili yakazimika. Subilaga aliuona mchezo huo mwaka wa pili, katika jaribio la beseni la maji na vijiti viwili vinavyodunda, ambapo kuna mahali maji hutulia kabisa ingawa pande zote yanacheza. Wenzake waliandika ripoti wakapata alama zao. Yeye alibaki anatazama pale palipotulia.

Akaamua kuzima hofu ya mtihani. Ni hofu iliyomaliza watoto wengi kuliko ujinga, na hakuna mtu nchini aliyesoma asiyeijua. Washiriki hawakuwa shida, maana kila wa mwaka wa kwanza, hata wa fizikia, husoma saikolojia kidogo na hulazimika kukaa kwenye tafiti za wakubwa zake ili apate alama za ushiriki. Wanakuja wenyewe, wanasaini, wanavishwa chochote.

Shida ilikuwa kulipata hilo wimbi. Aliwapa karatasi ya mtihani mgumu, wimbi likatoka limechanganyika na njaa, usingizi na hesabu. Aliwawekea saa inayopiga kelele, wakaudhika tu. Vitabu vya ng'ambo vilisema mwambie mshiriki afikirie kushindwa kwake, na alipowaambia wafikirie kushindwa kwao, mstari kwenye kioo cha kompyuta hata haukutikisika. Ndipo akili ikamjia, akili ya mtu aliyekulia huku na anayejua watoto wa huku wanaogopa nini. Akaacha kuwauliza kuhusu mtihani.

"Funga macho," akawaambia. "Matokeo yametoka. Mfikirie yule utakayemwambia umefeli."

Wimbi lilisimama kwenye kioo kama mlima. Safi, moja, halina doa. Kila mshiriki, wimbi zuri kuliko la mwenzake. Dokta Nkinda, msimamizi wake, alilitazama akapiga makofi peke yake, akasema katika miaka yake yote ya kufundisha hajaona data tamu namna hii. Subilaga akaliandikia jina kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti: hofu. Akalitengenezea pacha, akalizima kwa mmoja mmoja, na majaribio ya muhula yalipofika wale watoto walifanya vizuri hadi walimu wakadhani mitihani imevuja.

Hakuna aliyejiuliza ndani ya mlima ule kuna nini kingine. Kijana anayemfikiria mama yake akiwa amesimama mlangoni anasubiri matokeo hana hofu peke yake. Vyote vimo mle, vimesukwa pamoja, na kofia haichagui.

*

"Tuelewane, mwanangu," Dokta Nkinda alimwambia Subilaga mchana ule, akimenya parachichi ofisini kwake. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio uliokuwa mgumu kupingana nao. "Kijana kutompigia mama yake simu ni ugonjwa? Basi nusu ya nchi ilazwe."

"Si yeye tu, Dokta. Nimewauliza wengine. Kuna msichana amefiwa na bibi yake aliyemlea, akaenda mazishini, akarudi siku hiyo hiyo kuwahi maabara. Nilimpa pole akanishangaa."

"Watu huomboleza kwa njia tofauti. Uliandika insha juu ya hilo mwaka wa pili, nikakupa A."

"Mawimbi yao bado tunayo," alisema Subilaga. "Ninaweza kuyarudisha. Nageuza alama ya wimbi tu, hasi iwe chanya, kilichozimwa kinawaka."

Dokta Nkinda aliweka kisu chini. "Kwa ridhaa ya nani? Huyo kijana ameomba?"

"Hajaomba."

"Ni mtu mzima?"

"Ana miaka kumi na tisa."

"Basi huwezi kumvisha kofia kwa sababu mama yake analia. Kanuni za maadili ulizijaza wewe mwenyewe. Na kanuni hizo hizo zinasema mawimbi ya washiriki yafutwe kabla ya utetezi. Kesho jioni yafutwe." Alimsogezea kipande cha parachichi. "Kula. Umekonda. Ijumaa unatakiwa uonekane mtu mwenye furaha."

Subilaga alikula. Lilikuwa parachichi zuri, na hilo lilimuudhi.

*

Alimkuta Ipyana kwenye maabara ya fizikia, anapima kwa sekunde jinsi bembea ndogo ya chuma inavyokwenda na kurudi kwenye uzi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyelima, na alishika ile saa ya kusimamisha kwa utaratibu uliopendeza kuutazama. Mara ya kwanza kuja kwenye utafiti mikono hiyo ilishindwa kushika kalamu hadi Subilaga akamwandikia yeye tarehe.

"Dada Suby! Karibu. Subiri nimalize hii."

Akamaliza, akaandika, akageuka. Subilaga akamweleza yote bila kuficha, kuhusu wimbi, na kilichokuwamo ndani yake, na kwamba linaweza kurudishwa ila mwisho wake ni kesho. Ipyana alisikiliza kwa makini kama anayesikiliza mhadhara mzuri.

"Kwa hiyo nikikubali, ile hofu inarudi?"

"Yote yanarudi pamoja."

"Hapana, dada. Asante."

"Ipyana, mama yako yupo hapa. Leo analala kwa mama wa kantini, hataki kuondoka."

"Najua. Nimempelekea blanketi." Alisema bila kinyongo. "Dada, wewe ulishawahi kufanya mtihani umembeba mtu mgongoni? Mimi nimefanya hivyo tangu darasa la kwanza. Nikishika kalamu, yupo. Nikilala, yupo. Chakula nikila kizuri namuona yeye anakula ugali na chumvi, kinanikwama kooni. Sasa hivi nakula nashiba. Kwa nini mnataka kunitwisha tena?"

"Humpendi?"

Alifikiri, na kufikiri kwenyewe kulimuumiza Subilaga kuliko jibu. "Ni mama mzuri. Amehangaika sana. Nimeshaseti simu, kila mwezi itamtumia hela yenyewe, hata nikisahau. Nikimaliza nitamjengea." Akainua bembea tena. "Hilo halitoshi?"

Subilaga alishuka ngazi anamchukia yule kijana, kisha anajichukia yeye, maana kijana alikuwa hana kosa hata la dawa. Alikuwa sahihi kwa kila hoja. Ndivyo alivyotengenezwa, na fundi ni nani?

*

Alhamisi aliamua kudanganya. Aliandika ujumbe kwamba washiriki wa mwaka wa kwanza ambao hawajafanya kipimo cha pili watakosa alama za ushiriki, akautuma kwa mtu mmoja tu. Alijua ni wizi. Alijua pia kwamba ule wa kwanza ulikuwa wizi, ila ulisainiwa, na akajiambia kwamba mwizi anayerudisha mali si sawa na anayeichukua. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu alikuwa amezaliwa mapema, na labda bado angeweza kumlea.

Ipyana alikuja mchana, akaketi, akavaa kofia mwenyewe, akafumba macho. Alimwamini. Subilaga alifunga mlango wa kioo, akaenda chumba cha kompyuta alikomkalisha Bi Sekela. Kutoka pale mama alimwona mwanawe kupitia kioo, na kijana hakumwona.

"Nikibonyeza hapa, mama, ni dakika chache tu. Anaweza kulia. Anaweza kunitukana. Lakini atakuwa wako."

Bi Sekela alimtazama mwanawe. "Amenawiri," alisema. Kisha akauliza, "Ni kitu gani hasa unamrudishia?"

"Wimbi lake. Lile tulilolichukua."

"Mimi sijasoma, lakini usinifanye mtoto. Wimbi la nini?"

Pale Subilaga angeweza kusema mapenzi. Neno lilikuwa karibu, na lingetosha. Lakini kutwa nzima alikuwa amedanganya, na mbele ya mama yule mwenye viatu vilivyolowa uongo ulimwishia.

"Hofu, mama. Kwenye kumbukumbu tumeandika hofu."

"Hofu ya nini?"

"Tulimwambia amfikirie mtu atakayemwambia amefeli. Akakufikiria wewe."

"Akasema nini?"

Maneno ya mshiriki ni siri. Hiyo nayo ilikuwa kanuni, na Subilaga akaivunja pia. "Alisema, mama hatanigombeza. Atanyamaza, atachukua jembe, ataenda shambani na mvua hiyo hiyo, na mimi nitabaki natazama mgongo wake. Alisema mgongo huo ndio anaouogopa kuliko kitu chochote duniani."

Nje ya dirisha wanafunzi walipita wanacheka, wamejifunika mikoba kichwani.

"Alipofeli kidato cha pili," alisema Bi Sekela mwishowe. "Ni kweli nilichukua jembe. Nilikuwa nalia. Sikutaka anione."

"Mama, kwenye wimbi hilo na mapenzi yamo. Vimeshikana. Ndiyo maana vilitoka pamoja."

"Unaweza kuvitenganisha?"

"Siwezi. Kifaa hakiwezi. Labda baada ya miaka mingi mtu mwingine ataweza."

"Kwa hiyo ukibonyeza hapo, ananirudia na mgongo wangu."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye mwenyewe umemuuliza?"

Subilaga aliinamisha kichwa. "Nilimuuliza jana. Alikataa. Hajui kwamba leo..."

"Alisemaje?"

"Alisema sasa hivi anakula anashiba."

Hapo ndipo Bi Sekela alipolia, machozi mawili matatu, akayafuta na ncha ya kitenge kabla hayajafika mbali. Alisimama. Subilaga alidhani anasimama ili aone vizuri, akapeleka kidole kwenye kitufe.

"Mvue," alisema Bi Sekela.

"Mama, jioni hii yanafutwa. Baada ya hapo hakuna njia tena, hata akitaka mwenyewe."

"Nimesikia. Mvue hiyo kofia, mwanangu. Atachelewa kipindi."

"Basi nenda kaandike malalamiko! Nitakuonyesha ofisi. Wakiyapata malalamiko ya mzazi hawawezi kuipeleka kofia mashuleni, lazima wasimamishe." Subilaga alikuwa karibu kupiga kelele. "Andika, mama. Mimi siwezi kuandika, wewe unaweza."

"Niandike nini? Kwamba nimekuja kumshitaki mtu kwa sababu mwanangu haniogopi?" Alichukua hotpoti lake tupu. "Na wewe kwa nini huwezi?"

Alitoka kabla hajajibiwa. Ipyana, kofia ameshaivua, alimkuta kwenye korido, akashtuka kidogo, kwa adabu.

"Mama! Kumbe bado upo. Nilijua umeshaondoka."

"Ndiyo naondoka, baba."

"Mvua kubwa. Chukua mwavuli wangu."

"Na wewe?"

"Mimi nitanunua mwingine. Safari njema, mama. Wasalimie nyumbani."

Nyumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kusalimiwa. Bi Sekela aliupokea mwavuli, akaitikia, akashuka kilima polepole kwa sababu ya utelezi. Ipyana alikuwa ameshageuka anauliza kama alama zake zimeingia.

Jioni Subilaga alifuta mawimbi. Kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wageni wa Mamlaka walikaa mbele, wamepewa maji na karanga. Subilaga alieleza beseni la maji, vichupa vya gesi, mlima ulionyooka kwenye kioo. Alionyesha alama za washiriki kabla na baada, na ukumbi ukaguna kwa raha. Alikuwa anazungumza vizuri. Ndani ya tumbo lake kulikuwa na sentensi moja aliyokesha nayo, kwamba hatujui tulichokipima, na alikuwa ameahidi nafsi yake kuisema mtu yeyote akimfungulia mlango.

Mlango ukafunguliwa. Mgeni mkubwa wa Mamlaka, mzee mwenye miwani minene, aliinua mkono.

"Binti, hongera. Swali langu ni dogo. Katika washiriki wote, au wazazi wao, kuna yeyote aliyelalamika?"

Dokta Nkinda alimtazama Subilaga kwa upole ule ule. Subilaga alifungua mdomo. Alimwona baba yake kule nyuma, aliyefunga duka Kyela siku nzima ili aje kumsikiliza, amevaa suti ya harusi ya mtu mwingine, anamtabasamia kila aliyegeuka. Hofu yake ilikuwa nzima, haijaguswa na kofia yoyote, na ilimshika shingoni ikamgeuza ilikotaka.

"Hakuna, mzee," alisema. "Hakuna hata mmoja."

Kwa maandishi ilikuwa kweli tupu, na Dokta Nkinda akaiandika. Mzee wa miwani aliridhika, akauliza kama kofia za kutosha shule zote za wilaya zinaweza kuwa tayari kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Subilaga alipiga hesabu kichwani, akamwambia zinaweza.